Shajara ya mradi: Scania R 450 ya maua, kutoka gari jeupe hadi gari la Assen

Gari ni Scania R 450 ya mwaka 2018, kichwa cha ekseli mbili chenye kabini ya Highline, bado na rangi nyeupe ya kiwandani. Mwenye gari ndiye dereva. Ana kichwa hicho kimoja, tela la friji la kukodi, na kazi ya kupeleka maua kutoka mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, hadi Denmark na Sweden. Anataka mtindo wa Kiholanzi wa zamani: kikinga jua kirefu juu ya kioo cha mbele, taa ndogo za pembeni, michirizi ya brashi ubavuni, na mahameli ndani ya kabini. Wikendi ya mwisho ya Julai anataka kuliegesha Assen, mji wa Uholanzi, kwenye uwanja wa mbio za pikipiki, ambako Truckstar Festival hukusanya wenye malori waliopamba magari yao.

Kwangu ni rangi na umeme. Ushonaji anafanya dada mmoja wa Mombasa anayeishi Groningen. Naweka shajara hii kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa walioko nyumbani wanaopokea Scania za mtumba. Umeme wa volti 24 ni ule ule, klia (rangi angavu ya kumalizia juu) ni ile ile, na yaliyotukwama huku yatawakwamisha na huko.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa ndilo lililoamua kila kitu humu. Kuna magari ya maonyesho, kama yale Msweden Sven-Erik Bergendahl, maarufu kwa jina la Svempa, aliyoyajenga kwa chapa ya Scania: Chimera, Red Pearl, Red Passion. Hili letu si la aina hiyo. Ni gari la kazi. Likitoka kwangu Jumapili jioni, Jumatatu linapakia. Kila pambo lazima livumilie chumvi ya barabara za Sweden, brashi za mashine ya kuoshea, na tochi ya askari wa Ujerumani.

11 Januari 2025: kalenda na kimo

Kabla ya kununua hata karatasi moja ya msasa tulikaa na kalenda. Maua yana msimu wake na msimu haumsubiri fundi. Kuna tarehe 14 Februari, kuna tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, halafu inakuja siku ya mama. Uholanzi na Denmark huiadhimisha Jumapili ya pili ya Mei, lakini Sweden ni Jumapili ya mwisho ya Mei, kwa hiyo dereva wa njia ya Sweden hana pumzi mwezi mzima. Gari likisimama wiki hizo, hakuna pambo litakalomrudishia hela. Nafasi zilizobaki ni Januari, katikati ya Machi, na Juni kwenda mbele. Kazi nzima tukaikata vipande kwa kufuata hizo, na kila kipande kikiisha gari liweze kutembea bila aibu.

Halafu kimo. Kisheria gari lisizidi mita 4.00. Tuliipima kabini kwenye sakafu bapa, mifuko ya hewa ikiwa kwenye kimo cha kutembelea: mita 3.78. Mwenye gari alitaka sanduku la jina lenye mwanga juu ya paa, sentimita 30 kwenda juu. Hesabu yake ni 4.08, hata kabla hujainua mifuko ya hewa kupanda feri. Likafa hapo.

Na hata lingepata nafasi, lingekufa kwa sababu ya Ujerumani. Kanuni yao ya magari, StVZO, kifungu cha 49a, inaruhusu zile taa tu zilizoagizwa au kuruhusiwa na sheria. Ubao wa jina unaowaka hauko kwenye orodha. Uholanzi utawaona wengi wanao, lakini huyu bwana safari zake zote zinapita Ujerumani kwenda kwenye feri ya Puttgarden. Tukakubaliana jina liandikwe kwa brashi kwenye kikinga jua, bila mwanga nyuma. Kusema kweli naona ni zuri zaidi hivyo: mchana linasomeka, na usiku taa ndogo za pembeni zinatosha kumtambulisha.

Gharama: kikinga jua cha faiba, euro 390. Bomba la paani la kufungia taa, la chuma kisichoshika kutu, euro 720.

22 Februari: taa kwenye karatasi

Maua ya Valentine yamepita, gari halijaja, lakini taa lazima ziagizwe. Kanuni inayotawala taa Ulaya ni R48 ya Umoja wa Mataifa. Rangi ni rahisi kukumbuka: mbele nyeupe, ubavuni chungwa, nyuma nyekundu. Taa za buluu, zambarau au kijani zinazoonekana nje, hapana.

Kwenye taa za full ndipo wengi wanapopigwa faini. Kila taa ya full ina namba iliyochapwa kwenye kioo chake karibu na alama ya E, ile ya kuidhinishwa kwa kanuni hizo: 12.5, 17.5, 30, 37.5 na kadhalika. Unajumlisha namba za taa zote zinazoweza kuwaka kwa pamoja, na jumla isizidi 100. Mwenye gari alikuwa tayari ameona taa nne kubwa za namba 37.5. Hizo nne peke yake ni 150. Taa za kiwandani za gari hili zimeandikwa 17.5 kila moja, jumla 35, kwa hiyo tumebakiwa na 65. Taa mbili za namba 30 zinatufikisha 95. Zikaagizwa mbili.

Kwa taa ndogo za pembeni alitaka ule mwanga wa njano tulivu wa balbu za zamani. Nilipiga hesabu: balbu 20 za wati 5 ni wati 100, zaidi ya ampea 4 usiku kucha akiwa amelala na taa zinawaka. Zile za LED 20, chini ya wati moja kila moja, hazifiki hata ampea moja. Kuchomeka balbu ya LED ndani ya taa iliyopitishwa kwa balbu ya kawaida ni kuiondolea alama yake ya E, mkaguzi akiiona inarudi. Tulinunua taa nzima za LED zenye mwanga wa joto na kioo cha mtindo wa zamani, zikiwa na alama yake yenyewe.

Gharama: taa za full mbili, euro 460. Taa ndogo 20 kwa euro 18, jumla 360.

15 Machi: rangi

Mpango wa rangi: nusu ya juu krimu, nusu ya chini nyekundu ya kandi, na mpaka kati yake uchorwe kwa michirizi ya dhahabu.

Kuvua, kusafisha, msasa wa 400 kisha wa 500, kuziba na karatasi: kazi ya kawaida, siyo ya kuandikia. Ila safisheni mara mbili, kitambaa kimoja cha kupaka dawa ya kuondoa mafuta na kingine kikavu cha kuifuta kabla haijakauka yenyewe. Gari hili kwa miaka lilikuwa linang'arishwa plastiki kwa dawa yenye silikoni. Rangi ya kwanza kwenye pembe za kabini ilijikunja ikaacha vishimo vidogo vya duara, kila kimoja na doa katikati. Ukiona hivyo usiongeze rangi ukidhani itafunika. Acha ikauke, piga msasa hadi chini, safisha upya, ndipo upulize.

Kandi ni rangi ya kupitisha mwanga. Chini unapuliza fedha, juu yake nyekundu inayoonekana hadi ndani, juu kabisa klia. Uzuri wake unatoka kwenye mwanga unaoingia hadi kwenye fedha na kurudi. Na balaa lake linatoka hapo hapo: kila mkono (tabaka) unaoongeza, nyekundu inazidi kuwa nzito.

Klia ya hadina (dawa ya kuigandisha) ina isosayaneti, kemikali ya sumu kwa mapafu. Tangu 24 Agosti 2023, Umoja wa Ulaya unamtaka kila anayezitumia kikazi awe amepata mafunzo kwanza. Nimeona mafundi wazuri nyumbani wanapuliza klia wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii chochote. Pafu likishaanza kuikataa sumu hii, hata harufu ndogo inakuziba pumzi, na kazi ya rangi imekwisha kwako maisha yako yote. Barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba ni ghali, lakini ndicho kifaa cha kwanza ningemwambia kijana anunue, kabla ya bunduki nzuri ya rangi.

Michirizi ya dhahabu tulitaka ikae chini ya klia ili brashi za kuoshea gari zisiile. Kwenye bati la majaribio rangi ya enameli ilijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka mara klia ilipoigusa. Bati la pili nilichanganya hadina kidogo ndani ya enameli na kusubiri hadi kesho yake. Ikakaa sawa, na imekaa sawa kwenye gari. Msifanye hili bila bati la majaribio, kwa kuwa kila aina ya enameli na kila aina ya klia zina tabia zao.

29 Machi: bampa haikulingana na mlango

Milango na ubavu vilipulizwa vikiwa kwenye gari. Bampa na vikanyagio vilipulizwa vikiwa vimening'inizwa, siku nyingine. Kila kipande peke yake kilikuwa kizuri. Vilipofungwa pamoja na gari likatolewa juani, bampa ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee na mlango nyekundu ya komamanga. Mita kumi mbali unaiona tofauti.

Rangi ilitoka kopo lile lile. Tofauti ilikuwa wingi wake. Kipande kilichoning'inizwa unakizunguka, mkono unapita karibu na pembe zinapata mara mbili. Mlango uliosimama unaupitia mara moja na kuondoka. Kuhesabu mikono peke yake hakutoshi.

Kilichofanya kazi ni vibati vya kulinganisha. Puliza fedha kwenye vibati sita vidogo. Mkono wa kwanza wa kandi vipate vyote, wa pili viachie kimoja, na kuendelea hivyo, hadi una ngazi ya mkono mmoja hadi sita. Pitisha klia vyote, viandike namba nyuma. Unapopuliza kipande, shika kibati karibu nacho chini ya taa nyeupe, na unasimama rangi inapofanana, hata kama mkono ni wa tatu au wa tano. Kumbuka kibati kina klia na kipande bado hakina, kwa hiyo lowesha kipande kidogo kwa dawa ya kusafishia ili kiwe na mng'ao wa kulinganisha.

Bampa ilirudi msasani hadi kwenye fedha na kupulizwa upya kwa kufuata kibati namba 4, mlango ulivyokuwa. Sasa hata mimi siwezi kuonyesha mpaka.

Gharama: rangi na vifaa vyake, euro 2,480. Kurudia bampa, euro 310. Kukodi chumba cha kupulizia, euro 900.

31 Mei: bomba la chini na rada

Siku ya mama ya Sweden imepita Jumapili iliyopita, gari limerudi na vumbi la nchi nne.

Mpango ulikuwa bomba la chuma linalopita chini ya bampa, likibeba zile taa mbili za full. Malori mengi mazito mapya Ulaya tangu Novemba 2015 yanatakiwa kuwa na breki ya dharura inayojifunga yenyewe, na macho yake ni rada iliyoko mbele chini, katikati ya bampa, pamoja na kamera kwenye kioo. Kabla ya kutoboa tulilifunga bomba kwa klampu na kuwasha gari. Halikufika mbali. Dashibodi ikatoa onyo kwamba breki ya dharura haipo.

Kulisogeza chini kidogo kungeweza kuzima onyo, lakini sikutaka. Onyo kuzimika halisemi kwamba rada inaona sawasawa, na mtu huyu anaendesha usiku nyuma ya foleni za Hamburg. Bomba lilirudishwa kwa muuzaji, tukapoteza euro 90 za usafiri. Kwa sababu hiyo hiyo sehemu ya plastiki mbele ya rada haina tone la rangi yetu, maana chini ya kandi kuna fedha yenye chembe za chuma. Na kikinga jua kilikatwa katikati sentimita chache ili kisiingie kwenye macho ya kamera.

Taa za full zimehamia paani. R48 haiweki kimo cha mwisho kwa taa za full, kwa hiyo hakuna tatizo la sheria. Tatizo ni theluji: mwanga wa juu unagonga chembe na kumrudia dereva machoni. Zina swichi yake peke yake, na zinawaka tu pale full ya kiwandani inapowashwa.

14 Juni: nyaya

Hapa wasomaji wa nyumbani tulieni, kwa sababu hili ndilo linalounguza magari.

Katika Scania za zamani kama 143 ulikuwa unakata waya wa taa ya paani, unaunganisha taa zako, umemaliza. Katika magari haya kompyuta ndiyo inayopeleka umeme kwenye kila taa na kupima kiasi kinachokwenda. Taa ishirini zilizounganishwa kwenye waya uliopangiwa taa tano zinaonekana kama hitilafu: onyo linatokea na kompyuta inaweza kukata umeme kwenye waya huo mzima. Waya wa kiwandani tumeutumia kama mjumbe tu. Unaamsha rilei (swichi inayofungwa na umeme) ya volti 24, na rilei ndiyo inayochukua umeme kutoka betri kupitia fyuzi yetu wenyewe, iliyowekwa karibu kabisa na betri. Fyuzi ya mbali inalinda taa. Fyuzi ya karibu na betri inalinda kabini na aliyelala ndani yake.

Tulipowasha mara ya kwanza taa zote zilikuwa sawa hadi mwenye gari alipopiga honi ya hewa. Taa za upande wa kulia zikafifia, na moja ya kushoto ikawaka nusu hata swichi ikiwa imezimwa. Siku nzima ilikwenda kwenye hilo. Chanzo kilikuwa hasi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Vali ya umeme ya honi na taa za kulia zilikuwa zinatumia bomba la paani kama njia ya kurudi, na bomba limekaa kwenye mipira ili lisitingishike, kwa hiyo linagusa kabini kwenye boliti moja tu. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta nyingine, hata kupitia taa ya jirani. Kila taa sasa ina waya wake wa hasi unaokwenda kwenye kituo kimoja ndani, na kituo kina waya mnene hadi kwenye fremu. Bomba halibebi umeme wowote.

Maungio yote ni ya kubana kwa koleo, yenye mpira wa gundi unaosinyaa kwa joto. Hakuna waya uliosokotwa na kufungwa utepe wa umeme. Chumvi ya baridi inatambaa ndani ya waya kama umeiachia mlango.

Gharama: nyaya, rilei, fyuzi na maungio, euro 215.

28 Juni: ndani

Sheria haimruhusu dereva kulala kabini yale mapumziko marefu ya wiki ya saa 45, lakini mapumziko ya kila siku analala humo. Kabini ni chumba chake, na kitambaa cha chumba hiki kwa Waholanzi ni mahameli ya Denmark, ile nzito yenye maua yaliyonyanyuka. Kachagua nyekundu iliyokolea.

Dada alipokuja kukata, nilikuwa nimepanga vipande kwa kubana nafasi ili mita zisipotee, vingine vimelala, vingine vimesimama. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Mdogo wangu, tazama mkono wangu. Huku kinang'aa, huku kinafanya kiza. Ukikata hivi, kila kipande kitakuwa na rangi yake."

Ni kweli. Nyuzi za mahameli zinalala upande mmoja. Kila kipande, dari, ukuta wa nyuma, milango, kikatwe nyuzi zikielekea chini. Mita 21 zilizopangwa zikawa 26.

Dari ilishuka kwenye jua la kwanza la Juni, kwa sababu gundi ya kawaida ya kupuliza inalegea joto la paa likipanda. Ilivuliwa, ikasafishwa, ikapakwa gundi ya kustahimili joto kali, pande zote mbili, na kuachwa hadi isishike kidole ndipo ikabandikwa. Ukuta wa nyuma haukubandikwa kabisa. Umeshonwa kwenye ubao mwembamba unaokaa kwenye vibanio, na nyuma yake pana nafasi ya hewa, kwa kuwa pumzi ya mtu aliyelala wakati wa baridi inageuka maji kwenye bati na kitambaa kilichobana kinaota ukungu. Matundu ya hita, spika, na njia ya mkanda wa usalama yaliachwa wazi.

Gharama: mahameli mita 26 kwa euro 58, jumla 1,508. Sponji, uzi, gundi ya kwanza na vishada, euro 340. Gundi ya joto, euro 85.

12 Julai: baada ya ukaguzi na safari ya Jönköping

Ukaguzi wa mwaka umepita. Mkaguzi alisoma namba za taa za full, akapiga honi kuhakikisha sauti ni moja isiyobadilika, akapima kimo: mita 3.94 pamoja na bomba na taa.

Gari limekwenda hadi Jönköping na kurudi, likaoshwa kwa mashine njiani. Michirizi haina mkwaruzo. Taa mbili za paani ziliingia maji. Tundu la kutolea unyevu lilikuwa limeelekea mbele, upepo wa kilomita 80 kwa saa unaisukuma mvua ndani. Zimegeuzwa tundu liangalie nyuma na chini, zikakaushwa, na mvua ya wiki hii haijaingia.

Jumla ya vifaa na chumba cha rangi ni euro 7,858. Mikono yetu wawili tulipatana euro 5,500. Yote euro 13,358.

Tela halijaguswa, ni la kukodi. Akinunua lake, michirizi ya dhahabu itaendelea kutoka kwenye kabini hadi mlango wa nyuma, na vibati sita vya kandi nimeviacha kwenye kabati lake juu ya kitanda pamoja na karatasi ya mchanganyiko wa rangi, ili fundi yeyote wa Ulaya atakayeshika bampa hiyo baada ya ajali ajue aanzie wapi.